Freni ya gari ya nyumbani nayo ni usalama

Wandugu wafanyakazi, kule kariere hakuna mutu anakubali kushusha kamyo bila kujaribia freni mbele ya kuanza kazi. Kamyo yenye freni mbovu tunaikatala, na ile haki tuliipigania.

Lakini siku ya Mungu tunapakia bibi, watoto na mashangazi ndani ya Hiace inayolia kwii kila tunapokanyaga freni. Tunasema: itafika tu. Juu ya nini?

Kule kulia njo onyo. Kwenye plaketi mingi kuna kibati kidogo kinachokwaruza disiki wakati plaketi inakaribia kwisha. Ikibakia milimita 3, tubadilishe. Tukingoja chuma ikule chuma, disiki nayo inaharibika, na bei inapanda. Tubadilishe kushoto na kuume pamoja, kama si vile gari itavuta upande. Hiace mingi nyuma iko na ngoma: fundi azifungue nazo, asiangalie mbele tu. Mafuta ya freni yanakunywa maji polepole. Tuyabadilishe kila miaka 2.

Plaketi ya okazo ni bei ya chini, lakini nani anajua ilitembea wapi?

Tunajua mshahara hautoshi. Kwa hiyo tunaomba ma delege wa sendika walete jambo hili mezani: siku moja kila mwezi, garaji ya kampuni ipime freni za magari yetu. Kamyo ya madini inapimwa kila siku. Watoto wetu nao wapimiwe.