Kinena Kisichonenwa

Katika darasa moja la Kiswahili huko Oruchinga palikuwa na picha ya mwili wa binadamu iliyotundikwa ukutani. Kuanzia juu hadi katikati kila kiungo kilikuwa na mshale na jina lake: utosi, paji la uso, kope, taya, koo, bega, kwapa, kifua, ubavu, kitovu. Kuanzia chini kupanda juu mambo yalikuwa vile vile: unyayo, kisigino, kifundo, ugoko, goti. Baina ya kitovu na goti mtu yule alikuwa amevalishwa kaptura nyeusi, na juu ya kaptura hapakuwa na mshale wala neno. Mwalimu aliyeichora picha ile ni mimi, na makala haya nayaandika kwa sababu ya kaptura ile.

Oruchinga na Nakivale ni makazi ya wakimbizi yaliyo kusini ya mji wa Mbarara, katika Wilaya ya Isingiro, si mbali na mpaka wa Tanzania. Yalianza kwa kupokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyozuka kwao mwaka 1959, na tangu hapo yamepokea wengi waliofukuzwa na vita: Warundi, Wakongomani wa Kivu na Ituri, na kwa upande wa Nakivale hata Wasomali na Waeritrea. Mahali kama hapa Kiswahili si pambo la msomi. Ndicho Mbembe wa Fizi anachomwambia Mrundi bombani, na ndicho mgonjwa anachokwenda nacho kwa tabibu ikiwa hajui Kinyankore wala Kiingereza.

Siku moja mzee mmoja kutoka Kivu ya Kusini alikwenda kwenye kituo cha afya ambacho sitakitaja. Mkalimani wake alikuwa kijana niliyemfundisha mwenyewe, hodari wa insha, mwenye ufasaha wa kupigiwa mfano. Mzee akamwambia, "Mwanangu, nimevimba penye kinena, na leo uvimbe haurudi ndani." Kijana hakulijua neno lile. Alijua kunena, alimjua mnenaji, nilikwisha mfundisha hata kunyambua nenea, neneka, nenesha. Akadhani mzee anasema lahaja ya kwao, akaona haya kumtaka mtu mzima aonyeshe kwa kidole, akamweleza muuguzi kuwa mzee anaumwa tumbo. Mzee akapewa dawa ya tumbo akaenda zake. Usiku akaanza kutapika. Kesho yake alipelekwa Mbarara, akapasuliwa. Ilikuwa ngiri iliyonasa: kipande cha utumbo kilipenya penye udhaifu wa misuli chini ya tumbo, kikabanwa, kikakosa damu. Walikata sehemu iliyokwisha kuoza, na kwa rehema ya Mungu mzee akapona.

Jioni kijana alinijia nyumbani na swali moja tu: "Mwalimu, kinena ni nini?"

Sina la kujitetea. Kijana huyo huyo, siku za nyuma, aliwahi kuinua mkono darasani na kuionyesha ile kaptura, "Na hapa, Mwalimu, panaitwaje?" Darasa likaangua kicheko. Nikamjibu, "Hizo ni sehemu za siri," nikafuta ubao.

Basi tulitazame hilo jibu tunalojifichia walimu wengi. Sehemu za siri ni gunia. Ndani yake tumetia uume na uke, tumetia kinena, msamba na makalio, na wengine wamefikia hata kutia paja. Siku hizi gunia limeshonewa kiraka kipya kiitwacho sehemu nyeti, nacho hakikuongeza lolote ila upole wa sauti. Tabibu anayemtazama mwenye uvimbe ana maswali yake. Je, ni upande wa kulia au wa kushoto? Ni juu ya mkunjo wa paja au chini yake? Mgonjwa akilala chali, uvimbe hurudi? Umeteremka hadi kwenye pumbu, au umeishia juu? Gunia halijibu hata moja katika hayo.

Wenzangu watasema, kama walivyoniambia katika mkutano mmoja mjini Mbarara, kwamba mimi nataka kuwafundisha watoto matusi, na kwamba Kiswahili ni lugha ya adabu. Hilo la adabu nalikubali kwa moyo mmoja, na ndilo hasa linalowahukumu. Lugha hii ya adabu ndiyo iliyotupa maneno "ashakum si matusi". Kwa nini wazee wetu walihitaji udhuru huo, kama si kwa kuwa walikusudia neno linalofuata lisemwe? Asiyekusudia kusema haombi radhi, hunyamaza. Ashakum ni mlango uliotiwa komeo ili ufunguliwe kwa heshima, nasi tumekuja tukaujenga ukuta mahali pake. Na bado tunawasomesha wanafunzi methali isemayo mficha uchi hazai, tunaitolea maswali ya mtihani, tunasahihisha kwa kalamu nyekundu.

Twende hata chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Mtoto wa Unguja au wa Lamu hufundishwa tohara angali mdogo: anaambiwa tupu ya mbele na tupu ya nyuma, anafundishwa kutawadha na kuchamba, na anapokaribia kubaleghe anasomeshwa hedhi na janaba. Hapana anayecheka, maana mwalimu hacheki. Jandoni na unyagoni, kungwi hakumvalisha mtu kaptura. Haya tunayoyaita adabu ya Mswahili yamkini hayakutoka kwa Mswahili.

Tena tazameni ilivyokuwa Tanzania. Ilipoanza kupambana na ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na mbu, kwa kuanzia kisiwani Mafia mwaka 2000, watu hawakuambiwa waje kutibiwa "uvimbe wa sehemu nyeti". Waliambiwa matende na mabusha. Neno busha lilibandikwa ukutani na kutangazwa redioni, na wanaume waliokuwa wakilificha ndani ya kanzu kwa miaka wakatoka kwenda kupasuliwa. Wangeitwa kwa gunia, nani angejua kuwa anaitwa yeye?

Kwa upande wa Uganda kuna sababu nyingine ya haya, nami siidharau. Hapa watu wengi waliyasikia maneno ya mwili kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa askari, na mara nyingi nyuma ya neno palikuwa na kitako cha bunduki. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa mwananchi wa kawaida ikawa kana kwamba kambi ya jeshi imehamia nyumbani kwake. Mbarara iliyopigwa na kutekwa katika vita, Februari 1979, ina wazee ambao hadi leo wakisikia "wewe!" kwa sauti kali hushtuka. Mwalimu aliyekulia hapo akisita kutamka kinena, namwelewa. Lakini neno lililoporwa na mwenye bunduki hurudishwa na nani, kama si mwalimu wa lugha? Tangu 2005 Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Tutafundisha nini, salamu na ngeli tu?

Sasa niyafikie maneno yenyewe, ashakum si matusi.

Kinena ni ile sehemu iliyo chini ya kitovu, juu tu ya utupu, penye mfupa unaoshikika kwa mkono. Kamusi za zamani zinalo pia neno nena, ambalo aghalabu husemwa kwa wingi, manena, na huonyesha pale kiwiliwili kinapokutana na mapaja. Watumiaji wengi wa leo wameyachanganya, wakaita kote kinena. Mimi nashauri tuyatenge upya, maana tofauti yake ina kazi: kinena ni kimoja, cha katikati, manena ni mawili, la kulia na la kushoto, penye mikunjo. Mzee wa Kivu angeweza kusema "nena la kulia" na ingetosha.

Nyonga si nena. Nyonga ni kiungo cha paja na fupa la kiunoni, nacho kiko ubavuni na ndani. Watangazaji wa kandanda wameliharibu neno hili. Mchezaji amejishika manenani, uso umemkunjamana, nao wanatuambia kaumia nyonga. Kiuno kiko juu zaidi, panapofungwa mshipi. Msamba ni baina ya tupu mbili. Wakunga wanalijua vizuri sana, kwa kuwa ndio unaochanika mama anapojifungua, na vijana wanalijua bila kujua kuwa wanalijua, kwa sababu husema fulani anapiga msamba anapotanua miguu hadi chini. Nililitoa neno hilo darasani, na hapana aliyecheka hadi nilipoeleza asili yake.

Ngiri ni utumbo uliotoka mahali pake. Busha ni maji yaliyojaa kando ya korodani. Haya ni maradhi mawili na tiba zake ni mbili, lakini watu huyatupa yote katika neno mshipa, "ana mshipa", na mshipa huo huo ndio upitishao damu, na kwa wengine ndio wa fahamu. Neno la namna hii linafaa ushairi. Kwa tabibu ni balaa. (Mwanafunzi wangu mmoja, nilipomwagiza achore ngiri, aliniletea mnyama mwenye pembe za mdomoni. Nikampa alama zake zote, maana kamusi ilikuwa upande wake.) Watu husema pia kuwa ngiri ni ugonjwa wa wanaume. Kweli wanaume huupata zaidi, kwa sababu kabla ya kuzaliwa korodani huteremka kutoka tumboni kwa kupita manenani, na njia yake hubaki dhaifu. Ila iko ngiri itokeayo chini ya mkunjo, mwanzoni mwa paja, nayo huwaandama wanawake kuliko wanaume, na hubanwa upesi. Mwanamke asiye na neno la mahali hapo atasema nini?

Halafu kuna mtoki, neno zuri tulilolisahau: tezi inayovimba manenani, mara nyingi kwa sababu ya jeraha la mguuni. Mama wa Pwani akimwona mtoto anachechemea na ana mtoki, humtazama unyayo. Lushoto, ambako tauni ilizuka mwaka 1980 na kuwasumbua watu kwa zaidi ya miaka ishirini, wataalamu waliiita tauni ya mitoki, na kila mtu akaelewa dalili yake iko wapi. Tauni hiyo haijakoma Ituri, na watu wa Ituri ndio majirani zetu Nakivale. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza hali ya hatari kwa ajili ya mpox, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuvuka kutoka Kongo kuingia Uganda. Miongoni mwa dalili zake ni tezi kuvimba shingoni, kwapani na manenani. Shingo tumeifundisha. Kwapa tumelifundisha.

Na wale wanaofikiri kwamba mkimbizi atajisaidia kwa lugha yake, wajihadhari. Mnyarwanda ana neno lake la manena, amayasha, nalo hulitamka bila kigugumizi. Sisi ndio tuliomfunza kuona haya. Lakini itako kwake ni paja, wala si tako letu, na ikibuno ni makalio, wala si kiuno. Akisema kwa Kiswahili cha kubahatisha kuwa anaumwa "tako", ataambiwa ageuke nyuma. Kinena nacho humchekesha, kwa kuwa kwao kunena ni kuona kinyaa. Makosa haya hayajisahihishi yenyewe. Yanataka mwalimu asimame ubaoni, aandike, aseme: hili ni hili, na lile ni lile.

Wako pia wanaotaka tukope majina ya Kilatini yatiwe irabu mwishoni, ati ndiyo yenye heshima. Sina haja ya kurefusha. Mzee wa Kivu alikwenda kituoni na neno la Kiswahili safi. Aliyekosa neno ni msomi.

Ninayoyataka kwa chama chetu ni machache. Somo la viungo vya mwili lipite kitovuni likateremke bila kuruka, katika darasa la watu wazima na katika sekondari. Wakalimani wa vituo vya afya wapewe orodha hiyo kabla ya kupewa kitambulisho. Na mwalimu ashindwaye kutamka msamba mbele ya darasa alitamke kwanza peke yake, nyumbani, mara kumi. Mimi nilifanya hivyo, mke wangu akauliza kama nimepatwa na homa.

Nimekwisha chora picha nyingine. Mzazi mmoja alikuja shuleni kuiona, mikono nyuma, akaisoma yote kutoka juu hadi chini, kisha akarudi katikati akakaa hapo kwa muda. "Huu mtoki," aliniuliza, "ndio alionao mwanangu?" Nikamwambia amlete. Kaptura nimeiacha, kwa sababu ya hao wenzangu wa Mbarara, lakini sasa imetobolewa na mishale sita.