Utumishi Hausomwi Wiki ya Mwisho

Mwaka 2024 benki za serikali nchini India zilitangaza nafasi 896 za maafisa wenye taaluma maalumu kupitia IBPS, taasisi ya usaili yenye makao yake Mumbai. Kati ya nafasi hizo, za maafisa rasilimali watu zilikuwa 25. Mwaka uliotangulia zilikuwa 31 kati ya 1,402. Nchi ina watu zaidi ya bilioni 1.4. Wanaozigombea nafasi hizo si wageni wa fani, kwa kuwa sharti ni shahada ya kwanza na, juu yake, miaka miwili ya uzamili katika utumishi, mahusiano kazini, ustawi wa jamii au sheria za kazi.

Mfuate sasa mmoja wao siku anapoanza kujiandaa. Ananunua kitabu cha hesabu za haraka. Analipia tuisheni ya mafumbo ya mantiki: watu wanane wameketi kuizunguka meza, nani yuko kushoto kwa nani, nani anatazama nje. Jioni anajipima kwa saa. Kitabu cha utumishi kinabaki rafuni, maana huko chuoni alishakisoma na akakifaulu. Atakipitia zikibaki wiki mbili.

Imani inayomwongoza imeenea mbali zaidi ya Delhi na Patna, na hata Dodoma na Nairobi inasikika: utumishi si somo la kuumiza kichwa. Ni busara, ni kujua kuongea na watu, ni Maslow na piramidi yake ya mahitaji. Mwenye akili timamu atajibu tu. Imani hiyo ni ya uongo, na ubaya wake ni kwamba inawaangusha hasa wale waliokuwa na uwezo wa kufaulu.

Ushahidi wa kwanza uko ndani ya mtihani wenyewe. Kwa utaratibu uliotumika misimu hiyo miwili, mtahiniwa wa nafasi ya rasilimali watu alianza na mchujo wa maswali 150: Kiingereza, mantiki na hesabu. Aliyevuka aliingia mtihani mkuu, na humo hapakuwa na hesabu za treni wala meza ya duara. Palikuwa na maswali 60 ya taaluma yake, kwa dakika 45. Kisha mahojiano. Orodha ya mwisho ilipopangwa, mtihani mkuu ulibeba asilimia 80 ya uzito na mahojiano asilimia 20. Alama za mchujo hazikuhesabiwa hata moja. Miezi yote ile ya mafumbo ilimnunulia kijana tiketi ya kuingia ukumbini, na tiketi hiyo inafanana kwa aliyevuka kwa alama nyingi na aliyeponea chupuchupu.

Watetezi wa imani hiyo wana hoja moja yenye uzito: asiyevuka mchujo hafiki popote, hata awe ameimeza sheria yote ya kazi. Ni kweli, na mtu ambaye hesabu zinamshinda hana budi kuzifanyia kazi. Lakini hoja hiyo inamtaka avuke tu, haimtaki akeshe miezi sita akitafuta sekunde tatu za ziada kwenye asilimia na riba huku akiingia mikono mitupu kwenye mtihani unaopanga orodha. Maswali 60 kwa dakika 45 ni sekunde 45 kwa swali. Kila jibu la kosa hukata robo ya alama za swali hilo. Kwa kasi hiyo busara haina nafasi ya kufanya kazi yake. Ama mtu anajua, ama anabahatisha na kulipia.

Na anayedhani maswali yenyewe ni ya maneno matupu aangalie kiinua mgongo. Sheria ya India ya 1972 ilimpa mfanyakazi aliyetumikia miaka mitano mfululizo haki ya malipo ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa kazi. Inaonekana rahisi. Mchukue karani anayestaafu akiwa na mshahara wa rupia 52,000 kwa mwezi, baada ya miaka 17 na miezi 7. Anayetegemea busara atagawa mshahara kwa mbili, maana siku 15 ni nusu ya mwezi, kisha atazidisha kwa 17 na kupata 442,000. Amekosea mara mbili. Kwa hesabu ya kiinua mgongo mwezi una siku 26, kwa sababu siku za mapumziko ya wiki hazimo; na kipande cha mwaka kinachozidi miezi sita huhesabiwa mwaka mzima, hivyo miaka ni 18. Jibu ni rupia 540,000. Kwenye karatasi ya mtihani tofauti hiyo ni alama moja na robo. Ofisini ni rupia 98,000 za mzee aliyemaliza utumishi wake, ambaye huenda asijue kamwe kwamba amepunjwa, kwa kuwa aliyemfanyia hesabu ndiye aliyetakiwa kujua.

Hapo ndipo pa kuikasirikia imani hii kwa haki kabisa. Afisa rasilimali watu asiyejua kazi yake haharibu daftari lake mwenyewe. Huharibu maisha ya watu wengine, tena kwa barua iliyoandikwa vizuri na kupigwa muhuri.

Njia ya mkato inayouzwa sana ni madesa: maswali ya miaka iliyopita na majibu yake, yamechapwa, yanakaririwa. Madesa yana faida ya kumzoesha mtu sura ya mtihani. Balaa ni kuyageuza kuwa somo. Novemba 21, 2025, serikali ya India ilianza kutumia sheria nne mpya za kazi, moja iliyopitishwa 2019 na tatu za 2020, zilizochukua mahali pa sheria 29 za zamani. Ile ya kiinua mgongo ya 1972 imo kati ya hizo 29. Imo pia sheria ya migogoro ya kazi ya 1947, na ile ya vyama vya wafanyakazi ya 1926. Mwajiriwa wa mkataba wa muda maalumu, ambaye zamani alitakiwa kusubiri miaka mitano kama wenzake, sasa anastahili kiinua mgongo baada ya mwaka mmoja. Maana ya neno mshahara nayo imebadilika: posho zikizidi nusu ya malipo yote, kiasi kinachozidi hurudishwa kwenye mshahara, na hesabu zote zinazotegemea mshahara huo hupanda. Aliyekariri jibu la 2019 amebeba jibu la sheria iliyokwisha kuzikwa.

Aliyesoma ili aelewe hatikisiki. Chukua namba inayopendwa na watunga mitihani: kiwanda, mgodi au shamba kubwa liwe na wafanyakazi wangapi ndipo mwajiri alazimike kuomba kibali cha serikali kabla ya kuwapunguza? Mwaka 1976, kipengele hicho kilipoingizwa katika sheria, walikuwa 300. Mabadiliko yaliyopitishwa 1982 yakashusha hadi 100. Sheria mpya imerudisha 300. Kwa mkariri hizo ni namba tatu za kumchanganya. Kwa aliyeelewa ni mvutano mmoja wa karibu miaka 50 kati ya mwajiri anayetaka mkono wake uwe huru na mfanyakazi anayetaka serikali isimame katikati. Akishaujua mvutano huo, namba zinakaa zenyewe, na kwenye mahojiano anaweza kuzungumza dakika tano bila kutafuta maneno.

Hata nadharia, ambazo ndizo hasa zinazosemwa ni maneno matupu, zinasomwa vibaya. Piramidi ya Maslow inachorwa katika kila daftari, ilhali makala yake ya 1943 haina mchoro wowote wa piramidi. Ulichorwa na watu waliokuja baadaye. Frederick Herzberg naye alichapisha 1959 utafiti alioufanya na wenzake kwa kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 katika eneo la Pittsburgh, Marekani. Alichokipata kinapingana na busara ya mtaani: mshahara mdogo humnung'unisha mtu, lakini kuuongeza humtuliza tu, haumpi ari ya kazi. Ari hutoka kwenye kazi yenyewe, kwenye kuonekana na kupewa dhamana. Anaweza mtu kukubaliana naye au kumpinga, na wengi wamempinga. Lakini mtahiniwa akiulizwa kwa nini wafanyakazi wa tawi fulani bado hawana ari baada ya nyongeza, busara ya kawaida itamwambia nyongeza haikutosha, na hapo ameshachagua jibu la mtego.

Swali la namna hiyo si la kubuni hewani. Machi 8, 2024, umoja wa benki za India na vyama vya wafanyakazi walitia saini mkataba wa hali bora ulioongeza mishahara kwa asilimia 17. Huo ulikuwa wa kumi na mbili katika mlolongo ulioanza 1966. Miaka mitano kabla yake, Aprili 1, 2019, Bank of Baroda ilizimeza benki mbili, Vijaya Bank na Dena Bank. Mwaka uliofuata, tarehe ileile, benki nyingine 10 ziliunganishwa zikawa nne. Msomaji wa Mombasa, Kampala au Dar es Salaam anaijua Bank of Baroda, kwa kuwa matawi yake yako mjini kwake. Aliyeona bango tu hakuona kilichokuwa nyuma yake: madaftari matatu ya vyeo ya kuunganishwa kuwa moja, mameneja wawili wa mtaa mmoja kugombea kiti kimoja, watu wa kusini kuogopa kuhamishiwa kaskazini. Kazi hiyo haifanywi na mtu aliyejifunza utumishi kwa wiki mbili.

Kuna sehemu moja ya somo ambayo haistahili kurukwa hata na mwenye haraka kuliko wote, nayo ni nidhamu. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya India, katika kesi ya kampuni ya umma ya ECIL dhidi ya B. Karunakar, ilitamka kwamba mfanyakazi aliyechunguzwa lazima apewe nakala ya ripoti ya uchunguzi kabla aliyeshika rungu hajaamua kama ana hatia, ili naye aijibu. Mtu mwenye busara zake angeweza kuona kwamba kumsikiliza mtuhumiwa siku ya kikao kunatosha. Mahakama ilisema hakutoshi, kwa kuwa ripoti nayo ni ushahidi dhidi yake, na haiwezekani mtu ahukumiwe kwa karatasi asiyoiona. Afisa anayelijua hilo huwaokoa watu wawili kwa mkupuo: mfanyakazi asifukuzwe kwa dhuluma, na mwajiri asishindwe mahakamani katika shauri ambalo kwa kosa lenyewe angelishinda.

Kwa Afrika Mashariki sheria ni nyingine, ila imani ni ileile na mtego ni uleule. Nchini Tanzania kijana anayeitwa na Sekretarieti ya Ajira kwenye usaili wa kuandika wa nafasi ya afisa utumishi huingia WhatsApp kutafuta madesa kabla hajaifungua Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298. Akiomba kazi benki binafsi, sheria yake ni ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kifungu cha 37 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha vitu viwili: sababu ya kumwachisha mtu kazi ni halali, na utaratibu uliofuatwa ni wa haki. Sababu nzuri haiponyi utaratibu mbovu. Likizo ya uzazi ni siku 84, na mama akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja ni 100. Hiyo nayo haikisiwi.

Anayetaka kujiandaa kwa dhati hahitaji vitabu 20. Achukue mada moja kwa siku tatu au nne na aifuate mpaka chini. Kwa mtahiniwa wa India, likizo ya uzazi inaanzia 1961, inafika 2017 ilipopanda kutoka wiki 12 hadi 26 kwa watoto wawili wa kwanza, na inagusa wajibu wa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi kuweka mahali pa kulelea watoto. Aulize nani analipa gharama hiyo, na mwajiri mwoga atafanya nini atakapowasaili wanawake vijana. Aandike mwenyewe maswali matano ya mtego kuhusu mada hiyo, amkabidhi mwenzake ayajibu, kisha wabishane. Hesabu na mafumbo yapewe saa yao ya asubuhi, yasizidi hapo.

Mtahiniwa wa Kenya anaweza kuanza na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kinasema kwamba kabla mwajiri hajamwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, uwezo mdogo wa kazi au hali ya kimwili, sharti amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, akiwapo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha asikilize majibu yao wote wawili kabla ya kuamua. Ni aya mbili fupi tu. Katika benki nyingi anayetakiwa kuhakikisha kwamba kikao hicho kimeitishwa, kwamba mwenzake yule ameingia chumbani na kwamba maneno yake yameandikwa, ni afisa rasilimali watu.