Kwenda Madrid bila Kupitia London

"Anko, mimi si mtu wa lugha," mpwa wangu aliniambia, akaweka simu kifudifudi mezani.

Tulikuwa jikoni kwa dada yangu, karibu na Mogogosiek, kaunti ya Bomet, mvua ikipiga mabati. Binti huyu huongea Kikipsigis na nyanya yake, Kiswahili dukani, na karibu mitihani yote ya shule aliifanya kwa Kiingereza. Isitoshe, alikua akicheza na watoto wa Kisii kwenye kambi za wachuma chai, kwa hivyo Kikisii pia anakisikia. Lugha nne, halafu ati si mtu wa lugha!

Kilichomvunja moyo ni video za kufundisha Kihispania. Alisikia kwamba kazi za mtandaoni za kunukuu sauti na kutafsiri hulipa vizuri zaidi ukiwa na lugha ya ziada, akaanza kununua bando za usiku. Pesa za bando zinatoka kwa mama yake, anayechuma majani chai na ambaye siku zake za kazi zimepungua tangu mashine za kuchuma ziingie shambani. Kwa hivyo nikisema kwamba video hizo zinampotezea muda, hebu elewa: muda huo unapimwa kwa kilo za majani mabichi.

Niliketi naye tukazitazama. Mwalimu ni mchangamfu na anajua kazi yake. Shida ni kwamba hamfundishi mpwa wangu. Anamfundisha mtu aliyezaliwa na Kiingereza, na mpwa wangu anasikiliza dirishani.

Somo zima linaeleza kwamba vokali za Kihispania ni tano na hazibadiliki: a, e, i, o, u. Mwalimu anatoa pole kwa ugumu huo. Jamani! Hizo ndizo vokali za Kiswahili, tulizoimba chekechea. Ile ñ inayomchukua dakika kadhaa ni ny ya nyama.

Somo la pili: majina yana jinsia, na kivumishi lazima kikubaliane na jina. Pole tena. Sisi tunaosema mlima mrefu, milima mirefu, kiti kirefu, viti virefu, tunaogopeshwa na lugha yenye ngeli mbili tu?

Somo la tatu: kitenzi hubeba nafsi ndani yake, kwa hivyo si lazima useme "mimi". Hablo, nasema. Hablamos, tunasema. Te veo, nakuona: "te" inatangulia kitenzi kama "-ku-" yetu inavyoutangulia mzizi. Mkipsigis naye husema "achamin", nakupenda, neno moja lenye mpendaji na mpendwa. Ni Kiingereza kinachotawanya hayo yote kwa maneno matatu, kisha sisi tunafundishwa kuyakusanya upya kana kwamba hatujawahi kuyaona pamoja.

Lakini kilichonikasirisha kabisa ni lile somo la hali ya kutaka na kuomba, ambalo wanafunzi wengi wa Kihispania huliogopa kama simba. Quiero que hables. Nataka useme. Tazama vizuri: habla inakuwa hable, sema inakuwa seme. A inageuka e, kwao na kwetu. Ni kweli, vitenzi vyao vingine hugeuka kinyume, come ikawa coma, lakini wazo lenyewe mpwa wangu alilijua kabla hajaota meno ya mbele. Kila mara mama yake aliposema "nataka ule", alikuwa anamfundisha sarufi ya Madrid.

Sidai kwamba lugha hizi ni ndugu. Niko Kericho ni estoy en Kericho, sawa, lakini wao husema estoy cansado pale sisi tunaposema nimechoka, na wakati uliopita wa Kihispania utakutoa jasho ukiwa na Kiswahili au huna. Najua pia Kiingereza kinasaidia kwa msamiati, hasa yale maneno marefu ya Kilatini. Basi tukitumie hapo. Lakini hata kwa maneno hatuko mikono mitupu: mesa ni meza, bandera ni bendera, azúcar ni sukari, aceituna ni zeituni. Hasta na hata yetu yametoka kwa neno moja la Kiarabu. Hasta mañana, hata kesho. Waarabu walipita kwao na kwetu pia, na Wareno walipita kwetu. Alama zao hatuhitaji Mwingereza atuonyeshe.

Wengine wataniambia soko la video za Kihispania kwa Kiswahili halipo. Soko litatoka wapi kama bidhaa haijatengenezwa? Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Umoja wa Afrika una Kiswahili na Kihispania kwenye orodha moja ya lugha zake. Wapo Wakenya wanaofundisha Kihispania kila siku, na simu wanazo. Kinachokosekana ni imani kwamba Kiswahili kinaweza kuwa lugha ya kufundishia lugha nyingine. Tumezoea kukifanya somo la kupita mtihani, kisha elimu yenyewe tunaitafuta mlango wa Kiingereza, hata pale mlango wa kwetu uko wazi na uko karibu zaidi.

Matokeo yake si hasara ya bando peke yake. Msichana mwenye lugha nne anaamini hana akili ya lugha, kwa sababu amepimwa kwa matatizo ya watu wengine.

Jioni ile nilichukua daftari nikachora safu mbili, Kiswahili huku, Kihispania kule. Tulipofika kwa hable na seme alininyang'anya kalamu. "Kumbe ni hii tu?" Kisha akakasirika, na nilifurahi kuona hasira hiyo: "Sasa mbona hawakusema?"

Hawakusema kwa sababu hawatujui. Sisi tunaojijua tuna kisingizio gani?