Uso Mpya, Umri Ule Ule: Gari na Ukweli wa Lugha

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hukaririwa na wanafunzi wa Kiswahili tangu shule ya msingi, lakini leo maana yake yaonekana katika gereji zetu. Imeenea nchini Kenya kazi ya kulivua gari kuukuu uso wake na kulivisha uso wa toleo jipya, na sisi wa Kisii na Nyamira hatukuachwa nyuma. Nauliza: je, hii ni sanaa au ni hila?

Tutazame mfano wa Toyota Land Cruiser Prado. Toleo lililozinduliwa mwaka 2009 lilibadilishwa sura na waundaji wenyewe mwaka 2013, kisha tena mwaka 2017. Maadamu kiunzi cha chini kilibaki kile kile, fundi hodari aweza kuondoa boneti, bampa, taa na wavu wa mbele vya gari la mwaka 2010, akaweka vya mwaka 2018. Gari hutoka gereji likiwa limepungukiwa na miaka minane machoni pa watu, ilhali injini, giaboksi na springi zake ni zile zile zilizokwisha kupanda na kushuka vilima vya Gusii.

Sisemi kwamba kazi hii ni haramu. Kanuni ya KS 1515 ya mwaka 2000 huzuia kuingizwa nchini kwa gari lililozidi umri wa miaka minane, na bei ya gari jipya haishikiki kwa wengi. Lililopo, basi, sharti litunzwe. Aidha, vijana wetu hupata riziki katika ufundi huu, na mwenye gari ana haki ya kulipamba kama vile mwenye nyumba anavyoipaka rangi.

Hata hivyo, rangi ya nyumba haina budi kusimama juu ya ukuta imara. Nyuma ya bampa mna boriti ya chuma inayopokea kishindo cha ajali, na sehemu ya mbele ndimo vilimo vihisio vinavyoamuru mifuko ya hewa ifunguke. Fundi akikata boriti ili bampa mpya ikae sawa, au akihamisha vihisio, amenunua urembo kwa uhai wa abiria. Taa zisipolenga ipasavyo, humpofusha dereva anayekuja usiku katika kona na ukungu wa Nyamira. Hata Probox, punda wetu wa kila siku, ilipopewa uso mpya na waundaji wake mwaka 2014, haikubadilishwa ngozi tu: giaboksi yake ya otomatiki nayo ilibadilishwa. Mchongaji wa Tabaka anajua kwamba ufa uliomo ndani ya jiwe la sabuni hauponywi kwa kung'arisha nje.

Fauka ya hayo, kuna dhuluma ya soko. Mwalimu anayechukua mkopo wa chama cha akiba huambiwa, "Hii ni ya 2018." Kauli hiyo ni ya uso, bali bei anayotozwa ni ya mwili mzima. Atakatwa mshahara miaka kadhaa akiilipia miaka ambayo gari halina. Kitabu cha gari kinataja mwaka halisi wa kuundwa, lakini wangapi hukiomba kabla ya kutoa fedha?

Hapa ndipo sisi wanalugha tunapoingia. Muuzaji ameponea katika utata wa neno moja: "ya". Gari la 2018 ni lililoundwa mwaka huo, au lililovishwa sura ya mwaka huo? Napendekeza tutofautishe "mwaka wa kuundwa" na "mwaka wa sura", na maneno hayo mawili yaandikwe katika kila mkataba wa mauzo, pamoja na orodha ya vipuri vilivyobadilishwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo itatufaa nini iwapo mnunuzi wa Keroka au Ogembo anatia sahihi mkataba asioulewa?

Wanachama wenzangu, tusiishie kuchambua tamathali darasani huku tamathali za sokoni zikiwanyonya wazazi wetu. Twendeni gereji tukusanye msamiati wa mafundi, kisha tuwaandalie wanunuzi mkataba mfupi wa Kiswahili sanifu. Fundi aendelee kulivisha gari uso autakao mwenyewe. Muuzaji naye atamke umri wake bila kumung'unya maneno.