"BOI" AMEONDOKA, "BEKI TATU" AMETOKA WAPI?

Zamani za ukoloni, Mzungu wa mashamba ya chai ya Mufindi na mwenziwe mchimba dhahabu wa Lupa walikuwa na jina moja kwa kila Mwafrika aliyewapikia na kuwafulia. Walimwita "boi". Hata akiwa mzee mwenye mvi na wajukuu, alikuwa boi tu. Baba zetu waliuona uchungu wa jina hilo, maana walijua kwamba anayekunyang'anya jina lako hatashindwa kukunyang'anya na mshahara wako. Mwaka 1956 wafanyakazi wa majumbani na mahotelini waligoma Dar es Salaam kudai haki zao. Kilio chao kilikuwa kilio cha nchi nzima.

Bwana yule amekwenda zake. Lakini jikoni mwetu leo yumo binti wa Kilolo, wa Mufindi, wa Rungwe. Huamka kabla ya jogoo na kulala baada ya wote. Nasi tumempa jina la uwanja wa mpira: "beki tatu". Twauliza, ndugu wanachama: tulimfukuza Mzungu ili tupate nafasi ya kukaa katika kiti chake?

Mtazameni binti huyu katika michezo ya televisheni, katika filamu zetu na katika vichekesho vinavyopita kwenye simu. Sura zake huwa tatu. Ya kwanza ni ya mjinga wa bara, anayechekwa kwa lafudhi yake ya Kihehe au ya Kinyakyusa. Ya pili ni ya mwizi na mtesa watoto. Ya tatu, nayo ndiyo inayopendwa kupita zote, ni ya mwizi wa waume. Mama mwenye nyumba akisafiri, binti huonyeshwa akimvizia baba, na watazamaji hucheka.

Sisi hatuoni cha kuchekesha hapo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inasema kwamba mwanamume akilala na msichana wa chini ya miaka 18 ambaye si mke wake, amebaka, hata kama msichana alikubali. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Basi ikiwa binti wa miaka 16 yumo katika chumba kisicho na komeo, na mwenye nyumba mwenye kumlipa na kumlisha akaingia usiku, ni nani mwizi? Sheria inamtaja mwanamume. Mchezo unamtaja msichana. Na mtu akiuona mchezo huo kila juma, siku binti wa kweli atakapolia, nani atamwamini?

Lazima tuseme pia kwa nini mabinti hawa wanatoka kwetu. Nyanda za Juu Kusini zimepigwa vibaya na UKIMWI. Utafiti wa taifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta maambukizi ya watu wazima mkoani Iringa ni asilimia 11.3, zaidi ya mara mbili ya wastani wa nchi, na Mbeya asilimia 9.3. Yatima wa ugonjwa huo hulelewa na bibi asiye na nguvu za kulima. Ndipo huja shangazi wa mbali, au dalali, na ahadi za mjini. Binti hupanda basi akiwa hajui mtaa anaokwenda wala mshahara atakaolipwa.

Wengine watatujibu: "Tumemsaidia. Kwao hakuna chakula." Huo ndio wimbo wa mkoloni, naye alisema kwamba alikuja kutusaidia. Msaada hauondoi haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Inampa mfanyakazi siku ya mapumziko kila juma na likizo ya siku 28 kwa mwaka, nayo haikusema kwamba jikoni si kazini. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha Sh. 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wake. Fedha hizo ni kidogo, na bado wako wanaozikata, au wanaompelekea mjomba huku binti mwenyewe asishike hata senti.

Akina mama wafanyakazi nao watauliza: "Tukienda ofisini, watoto walelewe na nani?" Swali hilo ni la haki, lakini lielekezwe pia kwa baba. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wote, huku wanaume wa vijijini, na baadhi ya wanawake wa mjini, wako likizoni nusu ya maisha yao. Uhuru wa mwanamke wa mjini hauwezi kununuliwa kwa utumwa wa mwanamke wa kijijini. Baba mwenye mikono miwili anaweza kuosha sahani na kumwogesha mtoto.

Tulikuwa na mwito wa "Uhuru na Kazi". Binti huyu tumempa kazi, uhuru tumebaki nao sisi.

Kwa hiyo twaomba kila tawi, toka Iringa mjini mpaka Tukuyu, lifanye haya. Binti asiondoke kijijini kabla serikali ya kijiji haijaandika anakwenda kwa nani, mtaa gani, na kwa mshahara gani. Mwenye umri wa shule abaki shuleni. Mshahara uwekwe mkononi mwake mwenyewe, na kiwango kifuate amri ya mishahara iliyopo. Chumba chake kiwe na komeo kwa ndani. Nao waandishi na wachezaji wetu, ambao vipaji vyao twavipenda, wamwonyeshe binti huyu kama mtu mwenye kwao, mwenye akili na mwenye madai.

Wala tusingoje mkutano mkuu. Kila kiongozi aanze nyumbani kwake, maana asiyeweza kutenda haki jikoni mwake hana haki ya kuihubiri jukwaani. Jioni hii, kabla hujamtuma maji, mwite kwa jina alilopewa na mama yake. Kisha mwulize mshahara wake wa mwezi uliopita uko wapi.