Waya wa gari si kamba ya mgomba



Nawakumbusha mafundi wa magari. Hapa Nshamba waya wa gari ukikatika, wengi huusokota kwa vidole na kuufunga nailoni. Gari likitikisika kiungo hulegea na kupata moto, na mvua huitia shaba kutu. Fyuzi nayo ikiungua hutiwa kipande cha waya, na kinga imekwisha. Huko ni kuchezea roho za abiria.

Waya uliolehemiwa hukakamaa, nao huweza kukatika kwa mtikisiko. Afadhali kiungio cha kubana kwa koleo, kinacholingana na unene wa waya, kisha kizibwe maji yasiingie. Wenye magari, msibane senti: kiungio ni rahisi kuliko gari lililoungua, sembuse roho ya mtu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Nshamba, Muleba.