Muuza dagaa, muulize mteja kabla ya kumsifia mzigo

Ni jambo la kawaida katika mwalo wa Kibirizi, soko la Mwanga na hata kule Ujiji kumkuta muuzaji amemzingira mteja kwa maneno. Dagaa wake ni watamu kuliko wa wenzake, wameanuliwa jana tu, na bei ni ya kutupa. Mteja husikiliza, hutabasamu, kisha husogea meza ya pili. Muuzaji hubaki akilaumu ushindani, ilhali hakumuuliza mtu yule anataka dagaa wa kufanyia nini.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo wauzaji wetu wengi wanapopoteza fedha. Tumezoea kuamini kwamba muuzaji hodari ni yule mwenye maneno mengi. Ukweli ni kwamba hodari ni yule anayejua kuuliza na kunyamaza ajibiwe.

Wateja wa dagaa hawafanani. Anayesafirisha mzigo kwenda Dar es Salaam kwa reli ya kati, safari ya zaidi ya kilometa 1,200, anahitaji dagaa waliokauka barabara, kwani unyevu kidogo huleta ukungu njiani. Mwenye mgahawa pale mjini hana hofu hiyo. Yeye anaogopa mchanga, hivyo atalipa zaidi kwa dagaa walioanikwa juu ya chanja. Anayevuka ziwa kwenda Kalemie atajali namna magunia yalivyofungwa yasiingie maji.

Mawese nayo ni hivyo hivyo. Ngazi zikikaa muda mrefu kabla ya kukamuliwa, mafuta huwa na ukali. Mpishi atayakataa, lakini mtengeneza sabuni anaweza kuyachukua. Bila kuuliza, utamsifia mmoja kitu anachokihitaji mwingine.

Maswali yenyewe si magumu. “Mama, nikupimie?” hujibiwa kwa ndiyo au hapana, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini “Mama, mzigo unaupeleka wapi?” au “Safari iliyopita ulifika salama?” humfanya mteja aeleze shida yake. Akishaeleza, rudia kwa ufupi ulichosikia ili ahakikishe umemwelewa. Bei ije mwisho.

Wapo watakaosema kwamba sokoni hakuna nafasi ya mahojiano, na kwamba walanguzi ni wajanja, hawasemi ukweli. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, swali zuri haligusi mfuko wa mteja, linagusa mzigo wake. Mlanguzi ataficha bei anayouzia Dar es Salaam, lakini hana sababu ya kuficha kwamba gunia lake la mwisho liliota ukungu.

Kusikiliza kuna gharama yake pia. Ukigundua kwamba mteja anataka dagaa wakavu na wako bado wanahitaji siku moja juani, mwambie. Utakosa mauzo ya leo, lakini utapata mtu atakayekupigia simu kesho kabla hajaondoka kwake.

Suala hili si la adabu tu. Mwaka 2024 Serikali ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kipindi kama hicho mzigo huwa haba, na kila kilo lazima imfikie mteja anayeithamini zaidi. Anayejua mahitaji ya wateja wake atajua gunia lipi amwekee nani. Asiyejua atamuuzia wa kwanza kupita.

Hivyo, vikundi vya akina mama wanaokausha dagaa na kukamua mawese vianze na daftari moja: jina la mteja, anakopeleka mzigo, na alilalamikia nini mara ya mwisho. SIDO na maofisa biashara wa halmashauri, kila wanapofundisha ufungashaji na utunzaji wa hesabu, waongeze somo la mazungumzo na mteja. Halihitaji mashine wala mkopo. Wahenga walishasema, kuuliza si ujinga. Na sokoni, kuuliza ni mtaji.